Mshale Ulitangulia Kuanguka

Sébastien alipozikwa, mkewe Hélène hakutafuta dereva. Aliliosha basi dogo la petroli ambalo marehemu alikuwa akiliendesha kati ya Kisangani na Bengamisa, akafuta vumbi kwenye dashibodi, na asubuhi moja akalipeleka mwenyewe kituoni Mangobo. Hakuwa mgeni wa usukani. Kwa miaka mingi alikaa kiti cha pembeni akisafiri kununua mihogo na makemba, zile ndizi za kupika, na siku ambazo homa ilimshika mumewe, yeye ndiye aliyelirudisha gari mjini. Watu walimkodolea macho juma la kwanza. Juma la pili wakaanza kugombea viti kama kawaida, maana mwenye safari hachagui dereva, anachagua gari linaloondoka.

Mambo yalikwenda sawa mpaka mvua zilipopungua na jua likaanza kuchoma. Hapo ndipo basi lilipoanza kuzimika.

Lilikuwa likizimika mahali pamoja. Ukishavuka daraja la mto Tshopo na kuiacha nyuma njia panda ya Masako, barabara inapanda kilima kirefu cha udongo mwekundu, kisha inateremka hadi kwenye kijito chenye mianzi pande zote mbili. Sébastien alikuwa na desturi ya kusimama kwenye kijito hicho. Alishuka, akanawa uso, akajaza kidumu cha maji ya rejeta, akanyoosha mgongo, ndipo akaendelea. Sasa basi likawa linapanda kilima salama, na likianza tu kuteremka, injini inakata. Linaserereka lenyewe mpaka chini na kusimama karibu na maji, kama mnyama anayejua pa kunywea.

Nadège, muuza vitenge aliyesafiri na basi hilo kila siku ya soko, ndiye aliyelisema kwanza.

“Ule ni Sébastien,” alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. “Iko anasimamisha gari yake pa fasi yake.”

Hakuna aliyecheka. Abiria walishuka taratibu, wengine wakipiga ishara ya msalaba, na wanaume wawili wakainua kifuniko cha injini kilicho chini ya kiti cha mbele wakaitazama bila kuigusa. Hélène akaenda hadi kwenye maji. Mwanzoni alitaka kunawa tu. Lakini mtu aliyefiwa akibaki peke yake, maneno hayaombi ruhusa. Akajikuta anamweleza Sébastien kwamba bati la jikoni linavuja, kwamba binti yao Merdi amefaulu mtihani, kwamba gurudumu la nyuma la kushoto limeanza kulika upande. Aliporudi na kuwasha, gari liliwaka.

Safari iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata pia. Hofu ilimwisha. Ilifika siku akawa anapanga maneno tangu darajani: hili nitamwambia, lile nitaliacha mpaka safari ijayo.

Biashara lakini haikuweza kuendeshwa hivyo. Abiria waliokuwa na haraka walianza kupanda pikipiki. Mekanika mmoja alibadilisha chujio la petroli, mwingine akabadilisha pampu, na basi likaendelea kuzimika pale pale. Habari zikateremka mto mpaka Yanonge, kwa mama yake Sébastien.

Alphonse, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja siku ya Jumapili baada ya misa. Alimkuta Hélène uani akitwanga makemba ya lituma, chakula cha ndizi zilizopondwa. Alphonse alikuwa mtu wa mto, mfanyabiashara wa samaki na mawese, mwenye mabega mapana na maneno machache. Hakuwa na tamaa. Wakati wa ugonjwa, ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni kumpeleka hospitali, na Hélène hakulisahau hilo hata alipojua shemeji yake amekuja kusema nini.

“Shemeji,” alianza, akivuta kiti cha plastiki, “mama amesikia.”

“Amesikia nini, yaya?” aliuliza, akimwita kwa neno la huko la kaka mkubwa.

“Batu banamuambia mwana wake halale. Sasa kila jioni kwenye sala anamugombeza. Anasema, Sébastien, achia muke yako njia.” Alisugua magoti yake kwa viganja. “Mama ni muzee. Haipashwe kumaliza siku zake akigombana na mufu.”

Hélène aliweka mchi chini.

“Tuuzishe gari,” Alphonse akasema. “Tununue moteri ya pirogue, ya mutumbwi. Itabeba watu kutoka Yanonge, familia yote itakula pale, wewe na Merdi ndani. Gari ya mufu ikikataa, imekataa.”

“Unaamini ni yeye?”

“Mimi sijue. Ninajua inazimika pa fasi yake.”

“Yaya, bamekanika wote baliangalia petroli. Umeme hakuna mutu aliangalia. Uniache nitafute mutu wa umeme kwanza.”

“Na akikosa kitu?”

“Nitakuletea ufunguo mwenyewe.”

Alphonse alikubali, akala lituma, akaenda zake.

Fundi wa umeme aliitwa Yunus. Alizaliwa Kasongo, kule Maniema, na alifanya kazi chini ya mabati karibu na soko la Mangobo, ubavuni mwa Émile, mtengenezaji wa baiskeli. Alivaa kofia ya darizi iliyokuwa nyeupe zamani, na alikuwa na kipimo cha umeme chenye kioo kidogo kinachoonyesha namba, ambacho alikifunga kwenye kitambaa kama mtu anavyofunga miwani yake.

Yunus naye alianza kwa kukosea. Alikagua nyaya, akabadilisha swichi moja ndogo inayopeleka umeme kwenye pampu, akamwambia Hélène aende. Kesho yake basi likazimika kama desturi, na Hélène akarudi kwake jioni mapema, vumbi limemjaa nyusi.

“Bon,” Yunus alisema baada ya kumsikiliza. “Nilidanganyika. Keti, mama. Unielezee kama unaelezea munganga juu ya mutoto mugonjwa. Inazimika pole pole, ao mara moja?”

“Mara moja. Kama mutu amezima taa.”

“Hairuke-ruke kwanza? Haikohoe?”

“Apana.”

“Pale inateremka, gia iko ndani?”

“Gia ya tatu. Sébastien alinikataza kuteremka gia ikiwa nje. Alisema breki zitaungua.”

“Alisema vizuri. Na compte-tours?”

Alikuwa anamaanisha ule mshale ulio kando ya kipimo cha mwendo, unaoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Hélène hakuhitaji kufikiri. Injini inapokata na watu nyuma yako wanaguna, jicho linatafuta pa kushika, na lake lilikuwa limeshika mshale huo kila mara.

“Unaanguka,” alisema. “Pale pale unalala sifuri.”

“Gari ikiwa imesimama?”

“Apana, papa Yunus. Gari ingali inakimbia. Mshale unaanguka kwanza, gari inakuja kusimama chini kabisa, kwenye maji.”

Yunus aliweka bisibisi chini.

“Ile haiwezekani,” alisema, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza. “Sikiliza. Gia ikiwa ndani, muteremuko unasukuma magurudumu, magurudumu yanasukuma injini. Hata petroli ikiisha, injini itazunguka tu, kwa nguvu. Donc mshale ulipashwa kubakia juu, ushuke pole pole pamoja na gari. Wako unalala sifuri wakati injini iko inazunguka. Mshale iko inasema uongo.”

“Nani anaudanganya?”

“Ile njo tutatafuta.”

Akasimama, akaenda kwa Émile, akaomba baiskeli iliyokuwa imegeuzwa miguu juu ikisubiri kutengenezwa. Gurudumu lake la nyuma lilikuwa limekatika spoki kadhaa zilizofuatana. Yunus alikata ukanda wa plastiki kwenye kidumu kibovu, akaushika mpaka ncha yake ikagusa spoki.

“Funga macho, mama.”

Hélène akafunga. Akasikia tak, tak, tak, kisha tak hizo zikakaribiana mpaka zikawa mngurumo mmoja.

“Nimezungusha pole pole ao mbio?”

“Kwanza pole pole. Sasa mbio.”

“Umejuaje? Ulihesabu mizunguko ya dakika nzima?”

“Nimesikia tu. Zimekaribiana.”

“Compyuta ya gari yako inafanya vile vile,” Yunus alisema. “Fungua macho. Ndani ya injini kuko gurudumu ya chuma yenye meno. Imefungwa kwenye vilebrequin, ule mhimili pistoni zinauzungusha. Mbele ya meno kuko capteur, kadude kadogo kama kidole: sumaku, na waya nyembamba imezungushwa pale. Kila jino likipita, waya inatoa umeme kidogo. Tak. Compyuta iko na saa ndani yake. Inapima, kutoka jino hili mpaka lile, ni muda gani. Inajua gurudumu iko na meno ngapi. Alors inapiga hesabu: kama jino linachukua muda huu, muzunguko muzima utachukua muda ule, na dakika itakuwa na mizunguko elfu mbili. Haingojee dakika ipite. Inamaliza hesabu, inaambia mshale, simama pa elfu mbili. Meno zingine zikipita, inapiga tena.”

Émile, aliyekuwa ameacha kazi yake ili asikilize, aliuliza kwa nini alichagua gurudumu lenye spoki zilizokatika.

“Ile njo uzuri yake,” Yunus akajibu, na akalizungusha gurudumu tena, taratibu. Tak, tak, tak, kisha kimya kidogo, kisha tak tena. “Mumesikia ile shimo? Kwenye gurudumu ya injini waliacha kukata meno pa fasi moja, kwa kusudi. Bila shimo, compyuta ingejua mbio tu. Ikikutana na shimo inasema, aa, muzunguko unaanza hapa, pistoni iko pale, nimwage petroli sasa, nipige moto sasa.”

Hélène alilitazama gurudumu likizunguka. “Na kama haisikii kitu?”

“Inaamini injini imesimama. Haiwezi kupiga moto kwa injini imesimama. Inafunga petroli, inafunga moto, inaambia mshale sifuri. Injini yako iko muzima, mama. Inazimwa sababu compyuta haiione.”

Akamtazama Hélène, kisha akauliza swali alilopaswa kuuliza tangu siku ya kwanza.

“Wakati wa kurudi kutoka Bengamisa, inazimika pia pa ule kijito?”

Hélène alijishughulisha na kufuta vumbi kwenye nyusi zake. Kurudi pia gari lilizimika. Lakini lilizimika mbali na kijito, kwenye kilima kingine karibu na shamba la zamani la mpira, mahali ambapo Sébastien hakuwahi kusimama hata kwa haja ndogo. Abiria wa kurudi walikuwa wakulima wa huko, hawakujua habari za kijito, wakaona ni ubovu wa gari tu. Nadège siku zote alirudi usingizini. Hélène mwenyewe aliliona jambo hilo kila safari, na kila safari aliliweka kando, kama mtu anayesogeza sahani ambayo hana hamu nayo.

“Apana,” alisema mwishoni. “Kurudi inazimika pengine. Pa shamba ya mpira.”

“Kuko kilima?”

“Kuko.”

“Basi ni joto,” Yunus alisema. “Gari inatembea muda fulani, inapanda kilima, injini inapata moto kabisa. Waya ndani ya capteur imekatika. Ikiwa baridi, ncha zinagusana. Ikipata moto, zinaachana. Ukingoja kidogo, kifuniko kikifunguliwa, inapoa, zinarudiana.”

“Zinarudiana hata kama mutu hakusema kitu,” Hélène alisema.

Yunus hakulielewa hilo, au alilielewa akaliacha lilivyo. “Hata kama hakusema kitu,” akajibu.

Njiani kwenda nyumbani Hélène alitembea polepole. Alipaswa kufurahi, na kwa kiasi fulani alifurahi: gari lilikuwa na ugonjwa wenye jina. Lakini alihisi pia kama mtu aliyekuwa akiongea na mwenzake ng'ambo ya ukuta kwa majuma mengi, kisha akaonyeshwa kwamba chumba cha pili ni kitupu.

Alimwita Alphonse kwa simu. “Yaya, tumepata. Lakini sitaki uamini kwa maneno. Kuja tupande gari, uone kwa macho yako.”

Waliondoka siku isiyo ya soko, watatu tu: Hélène kwenye usukani, Alphonse kiti cha pembeni, Yunus nyuma yao na mfuko wake wa vyombo na kidumu cha maji. Jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi. Walivuka daraja, maji ya Tshopo yakivuma chini, wakapita njia panda ya Masako, wakaanza kupanda. Alphonse alikuwa ameshika rozari ndani ya mfuko wa koti lake. Hélène aliviona vidole vikitembea humo ndani.

“Utazame mshale, yaya,” alimwambia. “Usitazame njia, njia nitaitazama mimi.”

Walifika juu. Basi likaelekeza pua chini. Mshale uliokuwa ukisimama karibu na elfu mbili ulitetemeka mara moja, ukalala sifuri, na mngurumo wa gari ukafifia. Magurudumu yaliendelea kuzunguka, upepo ukapita madirishani, mianzi ikawajia upesi.

“Umeona?” Yunus alisema nyuma yao. “Gia iko ndani. Unasikia injini inavuma pale chini? Iko inazunguka. Lakini mshale?”

“Sifuri,” Alphonse akajibu.

Basi liliposimama kwenye kijito, Yunus hakupoteza muda. Waliinua kiti na kifuniko, joto likawapiga usoni. Alipenyeza mkono wake uliofungwa kitambaa, akachomoa kiungo kidogo cha waya, akagusisha ncha za kipimo chake kwenye capteur. Akamwonyesha Alphonse kioo. Hakikuonyesha namba yoyote.

“Waya iko wazi ndani,” alisema. “Asubuhi pale Mangobo, ikiwa baridi, uliona namba?”

“Niliona.”

“Bon. Ushike kipimo.”

Alphonse alishika, mikono yake mikubwa ikikifanya kionekane kama kiberiti. Yunus alilowesha kitambaa kwa maji, akakiweka juu ya capteur, akakilowesha tena. Mvuke ulipanda. Wote watatu waliinamia kile kioo. Namba ilitokea, ikapotea, ikatokea tena na kubaki.

“Washa, mama.”

Hélène alikuwa bado amesimama. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa kwenye kijito hicho bila kwenda majini, na hakuna alilokuwa amesema. Yunus alirudisha kiungo mahali pake, yeye akapanda, akageuza ufunguo. Injini iliwaka mara moja, na mshale ukainuka.

Alphonse alirudisha kipimo kwa mwenyewe kwa uangalifu. Kisha akaenda hadi kwenye maji, akakaa juu ya gogo, akaweka uso ndani ya viganja. Hélène alizima gari, akamfuata. Alikuta mabega yake yanatikisika.

“Nilitaka isiwe yeye,” Alphonse alisema bila kuinua uso. “Nilimuombea apumzike. Sasa ninaona haikuwa yeye, na ninalia.”

“Mimi pia, yaya.”

“Ulikuwa unamuongelesha?”

“Kila safari.”

“Anakujibu?”

“Gari ilikuwa inawaka,” Hélène alisema, na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko kile cha matangani kinachotoka pamoja na kamasi.

Walikaa hapo muda. Alphonse alimsimulia jinsi Sébastien, utotoni huko Yanonge, alivyokuwa akizamia chini ya pirogue na kukaa huko mpaka mama yao apige kelele, kisha akatokea upande wa pili akicheka. Hélène hakuwa amewahi kuisikia hadithi hiyo. Yunus alitandika mkeka wake upande wa kivuli, akasali adhuhuri, akawasubiri bila kuwakatiza.

Capteur nyingine ilipatikana kwenye mzoga wa gari la aina ile ile, nyuma ya karakana moja upande wa pili wa soko. Yunus aliileta nyumbani kwa Hélène imefungwa kwenye gazeti, akiwa ameridhika. Hélène aliigeuza-geuza mkononi: kipande cha plastiki nyeusi chenye ncha ya chuma, chepesi, kisichofanana na kitu chochote cha kuogopwa.

“Hii pia imekaa kwenye injini ya mutu,” alisema. “Tutajuaje haitafanya kama ile?”

Yunus alikuna shingo chini ya kofia yake. “Uko na sufuria?”

Akampa. Yunus aliweka maji motoni mpaka yakachemka, akaitumbukiza ncha ya capteur huku nyaya zake zimefungwa kwenye kipimo, na wakakaa kuzunguka sufuria kama watu wanaosubiri maharage. Namba ilipanda kidogo kadiri joto lilivyozidi, kama inavyopaswa, na haikupotea. Merdi alirudi kutoka shuleni, akachungulia ndani, akauliza leo wanakula nini. Mama yake akamwambia akaoshe mikono.

Ya zamani Alphonse aliiomba. Aliiweka mfukoni, pamoja na rozari, akapanda boti ya kwenda Yanonge kumwonyesha mama yake.

Siku ya soko basi lilijaa kuliko ilivyokuwa kwa muda mrefu. Yunus alikuwa ameeleza kwa Émile, Émile akaeleza kwa wateja wake, na mpaka habari inamfikia Nadège ilikuwa imeshapata meno mengi kuliko gurudumu lenyewe. Nadège alipanda, akakaa nyuma ya dereva, akavuta kitenge mabegani.

“Banasema compyuta ilikuwa kipofu,” alisema.

“Jicho yake njo ilikuwa mugonjwa,” Hélène akajibu. “Tumebadilisha.”

“Basi Sébastien analala?”

“Analala.”

Nadège alitikisa kichwa kwa heshima, na kabla ya darajani alikuwa tayari anagombana na jirani yake juu ya kuku aliyemchafulia mzigo. Hélène aliendesha. Kilimani mshale ulisimama imara, ukapanda aliposhusha gia, ukarudi alipoongeza. Akawa anayafikiria yale meno yakipita mbele ya sumaku, upesi kuliko mtu anavyoweza kuwaza, na hesabu ikipigwa na kupigwa tena kabla ya ile ya kwanza kuchakaa. Kuku akaruka, abiria wakapiga kelele, akageuka nusu kuwatuliza. Alipoangalia mbele tena, mianzi ilikuwa imebaki nyuma yake. Alikuwa amevuka kijito bila kujua.

Kwa kitambo alidhani atasimama, arudi kinyumenyume. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu wanaowahi soko, na mbele palikuwa na lori la makaa linalotaka njia. Akasogea kando, akapisha, akaendelea. Baadaye, alipokuwa peke yake kwenye usukani Bengamisa akisubiri makemba yapakiwe, alimwambia Sébastien habari za juma zima, hapo hapo kwenye kiti, kwa sauti ya chini. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani.

Alphonse alirudi kutoka Yanonge na kikapu cha samaki waliokaushwa kwa moshi, zawadi ya mama. Alimkuta Hélène kwa Yunus, amekuja kukaza mkanda wa dinamo.

“Mama aliishika mukononi muda murefu,” alisema. “Nikamuelezea yote: meno, saa, hesabu, mshale. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema vizuri, hatamugombeza tena mwana wake.”

“Mungu ashukuriwe,” Hélène alisema.

“Lakini iko na swali kwa papa Yunus.” Alphonse aligeuka kwa fundi, uso wake hauna mzaha. “Anauliza, kama ile jicho haipende joto, batu wenye akili ya kutengeneza gari baliiweka karibu na moto sababu gani?”

Yunus alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja.

“Umuambie mama,” alisema, “meno iko pale pa moto. Kama unataka kuyaona, lazima ukae karibu nayo.”

Alphonse alirudia maneno hayo kwa sauti ya chini ili asiyapoteze njiani. Hélène akakiweka kikapu cha samaki nyuma ya kiti, akawasha gari, akaenda kituoni, maana abiria wa Bengamisa walikuwa wameshaanza kupanga mizigo.